Jina la kwanza ni la babu

Jamani, leo bibi kanikataza kufuta kazi yangu mwenyewe! 😂

Niko kwake kijijini Akheri, naandika programu ya kupanga zamu za maji ya mfereji.
Kabla ya kuhifadhi, kompyuta inataka eneo la kazi, yaani folda ya programu, lipewe jina. Nikaandika "jaribio".

Bibi kachungulia. "Ndilo lako la kwanza?"
"Ndiyo, bibi."
"Basi kama mtoto wa kwanza, lina jina la marehemu babu yako. Andika Ndelilio."
Nikaandika.

Baadaye programu ikagoma kabisa. Nikaandika: FUTA NDELILIO.
Bibi akavaa miwani.
"Thubutu!"

Ikabidi nimrekebishe babu mstari kwa mstari 😭
Saa kumi jioni akakubali kufanya kazi. Zamu ya kwanza kampa nani? Bibi!

"Alikuwa hivyo hivyo," kasema bibi, akaenda kufungua maji huku anaimba.

Nyie, ningemfuta kweli?