Tone la Damu na Mikono ya Bibi

Mtakaosoma, mnivumilie. Mwandiko wangu unapanda na kushuka, na huenda herufi nyingine nimeziruka. Niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni polepole. Lakini kusimama nikasema mbele ya watu siwezi kabisa, ndiyo maana naandika.

Naishi Kamanga na mama na bibi. Kabla ya kuugua nilikuwa naanika dagaa ufukweni. Siku moja nikateleza kwenye jiwe, mfupa wa mguu ukapasuka. Nikafungwa plasta ngumu, nikalala ndani wiki nyingi. Ilipotolewa, mguu ulikuwa umevimba nyuma, chini ya goti. Ulikuwa wa moto, na nikikanyaga unauma.

Bibi akanicheka. "Ndama aliyezaliwa asubuhi ameshasimama, wewe mguu mmoja unakushinda!"

Akachemsha maji, akatoa samli, akanikanda. Kwetu mguu uliovimba hukandwa, na bibi ndiye anayeitwa kila nyumba. Alikanda kwa nguvu, akiusukuma uvimbe kwenda juu. Nililia. Akasema dawa ndiyo inaingia hivyo.

Kesho yake kifua kikaanza kuchoma upande wa kulia. Kila nikivuta pumzi, ni kisu. Moyo ulikwenda mbio nami nimekaa tu. Nikakohoa, makohozi yakatoka na damu.

Mama akanipeleka zahanati, wakanipima malaria, haikuwepo. Muuguzi akanibana kidole kwa kile kifaa kidogo chenye taa nyekundu, cha kupima hewa kwenye damu. Namba ikatoka ndogo.

"Kimezeeka hiki, kinadanganya," akasema. Akajipima mwenyewe, ikatoka nzuri. Akanirudia mimi, ikatoka ndogo. "Basi vidole vyake vina baridi."

Nilitaka kumwambia: dada, kifaa ni kizima, mgonjwa ni mimi. Pumzi haikutosha, na kidogo iliyobaki aibu yangu iliimaliza. Tukapewa dawa ya kikohozi. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Nilianguka njiani tukirudi nyumbani. Mama hakurudi zahanati, akanipandisha kivuko hadi Mwanza mjini. Hospitalini mlinzi alimzuia mama mlangoni kwa sababu ya beseni alilobeba. Wakati wanabishana, daktari mmoja, dada kijana, akanitoboa kidole. Akadondosha tone la damu kwenye kadi, akaiingiza kwenye mashine ya kushika mkononi. Ugomvi wa beseni haujaisha, jibu limetoka.

"Inaonekana damu imeganda mahali," akasema. "Miguu yako iko salama?"

Huyo ndiye wa kwanza kuuliza. Nikafunua kanga. Mama akaingia.

"Shikamoo mama. Mguu huu mmeufanya nini?"

"Marahaba. Tumeukanda tu, daktari."

Daktari akaugusa uvimbe kwa ncha za vidole. Kisha akatueleza kwamba bonge la damu hukaa mguuni, na kukanda kunaweza kulisukuma mpaka kwenye mapafu. Picha ya kifua ikaonyesha hivyo hivyo. Niliwekewa oksijeni, nikachomwa sindano za tumboni, nikameza vidonge miezi mingi.

Nimepona. Namshukuru Mungu, mama na daktari yule. Lakini nilipomuuliza kwa nini kadi zile hazifiki kwetu, alisema hata kwao huisha. Soda zinavuka ziwa kila siku. Kadi nyepesi vile inashindwa nini?

Ndugu zangu, mguu mmoja ukivimba baada ya kulala sana, msiukande. Nendeni hospitali. Pumzi ikikata, utajeni huo mguu hata kama hamkuulizwa. Na namba ya kidoleni ikiwa ndogo, msikubali kuambiwa kifaa kimezeeka.

Watu bado wanakuja kumwita bibi akakande. Haendi. Anakaa mlangoni, mikono ameificha ndani ya kanga. Juzi aliniuliza, "Mjukuu wangu, ni mikono hii?"

Nikamwambia chai inapoa.

Kama kuna mmoja wenu aliyewahi kuulizwa hivyo na bibi yake, aniandikie alimjibu nini. Kusoma kwangu nako ni polepole, lakini nitasoma yote.