Bushi Hukazwa Gari Likiwa Chini

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa bushi tatu, nikaambiwa nifumbe macho.

Hiyo ilikuwa Kitale, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa mama wa miaka thelathini na tisa, nimetoka Malakisi ambako kazi yangu ilikuwa kupanga majani ya tumbaku kwa madaraja, na gereji nzima ilinitazama kama mtu aliyepotea njia ya sokoni. Aliyenipa zile bushi alikuwa Nyapara Mkuu, mzee wa huko juu mlimani Elgon, mtu wa maneno machache sana.

"Chagua moja ya kuweka kwa gari ya mamako," alisema.

Ninyi vijana mnaong'oa kipande kizima na kukitupa huenda hamjawahi kuishika bushi yenyewe. Ni bomba fupi la chuma, ndani yake raba, na katikati ya raba bomba lingine dogo la kupitisha boliti. Hukaa pale mkono wa chuma unaoshika gurudumu unapoungana na mwili wa gari. Gurudumu likiingia shimoni, raba hujipinda, halafu hurudi ilivyokuwa. Nilipoambiwa kwamba gari zima na watu wake limelalia vipande vinavyoenea kiganjani, sikuamini, na hata leo jambo hilo hunishangaza.

Nilizibonyeza kwa kidole gumba, nikazinusa. Ya kwanza ilikuwa laini kama ufizi. Ya pili ilikuwa imekauka kwa kukaa dukani. Ya tatu ilibonyea kisha ikakisukuma kidole changu kirudi. Jani zuri la tumbaku tulilijua hivyo hivyo: unalikunja, linarudi. Nikainua ya tatu.

Nyapara Mkuu alivigeuza viganja vyangu akavitazama. "Hii mikono ulitoa wapi?"

"Malakisi."

"Basi kaa."

Nikakaa miaka minne. Kisha mwenye gereji akafungua tawi Bungoma, kwenye barabara ya kwenda Kibabii, akanihamishia huko chini ya Meneja, kijana wa cheti na shati lililopigwa pasi. Tawi lilikuwa jipya. Lilikuwa na jeki nzuri, ila halikuwa na shimo la kuingia chini ya gari kama lile la Kitale. Sikuona kasoro yoyote katika hilo.

Huko ndiko alikonijia Mwalimu Naliaka, mama mstaafu kutoka Malakisi kwetu, na kigari chake kilichokwisha fika umri wa kuoa. Mumewe, Mzee, alikuwa ameanguka kutoka ghalani akavunjika nyonga. Kila wiki Mwalimu alimleta hospitali ya Bungoma kufanyishwa mazoezi, na kila shimo barabarani gari liligonga na pigo likamfikia Mzee mfupani. Nililiendesha mara moja tu nikajua bushi za mbele zimekwisha.

Meneja alitaka tuweke zile za plastiki ngumu. "Hizo haziishi, Mama Wafula," aliniambia. "Ukiweka, umesahau, bana."

Nilimjibu kwamba ni kweli hazichakai upesi, na anayependa kukata kona kwa kasi atazifurahia, lakini bushi ngumu humpelekea abiria kila jiwe. Nyonga iliyovunjika inataka raba. Alinikubalia, ila akasema gari likirudi ni juu yangu. Nikapima kwa kalipa upana wa nje, tundu la ndani na urefu. Nikahakikisha raba imeshikamana na chuma pande zote. Tukaliinua gari kwa jeki, nikazitia, nikakaza boliti mpaka spana ikalia. Nilijisifu sana siku ile.

Wiki tatu baadaye gari lilirudi likigonga kuliko mwanzo. Nilipozitoa bushi, raba ilikuwa imeraruka kuzunguka tundu lote. Mwalimu alikuwa amekuja peke yake.

"Mzee amekataa kuingia gari," aliniambia. "Ati barabara inamuumiza kushinda kuanguka. Na daktari amesema akiacha mazoezi, hatatembea tena."

Nilifunga ile bushi iliyoraruka kwenye leso, nikaenda Kitale. Nyapara Mkuu aliigeuza mara mbili tu.

"Ulikaza gari ikiwa wapi?"

"Kwa jeki."

"Na magurudumu yananing'inia?"

Nilipoitikia, akaonyesha kwa kidevu lile shimo nililoingia kwa miaka minne. Akanieleza kwamba raba ya bushi haitelezi, hujipinda tu. Ukiikaza gurudumu likining'inia, hapo ndipo inapopumzikia. Gari likishuka, tayari imejipinda kabla ya kwenda popote, na itabaki imejipinda usiku na mchana hadi iraruke. Shimo lilikuwepo ili gari likae kwa miguu yake tunapokaza. Na mimi nilidhani ni la kutuondolea maumivu ya mgongo! Niliona aibu, lakini mshangao uliishinda aibu.

Nilinunua bushi nyingine za aina ile ile, nikaenda nazo hadi nyumbani kwa Mwalimu. Nilizitia, nikaacha boliti zimelegea. Kisha tukalisogeza gari likasimama juu ya mtaro wa maji, magurudumu huku na huku. Mzee alikuwa ameketi barazani, amenipa kisogo.

"Mzee," nikamwambia, "hii gari nataka ikae vile inakaa mkisafiri. Nahitaji uzito wako."

"Nilishasema siingii."

"Hatuendi mahali. Kaa tu."

Alikuja akijishikilia ukutani, hatua kwa hatua, akaketi. Nikiwa mtaroni niliona gari likishuka kwa upana wa kidole. Upana huo wa kidole ndio uliokuwa umeniponyoka. Nikakaza boliti zote, taratibu.

"Umemaliza?" aliuliza kutoka juu.

"Nimemaliza."

Nilingoja mlango ufunguke. Haukufunguka. "Mwalimu," nikamsikia akisema, "lete ufunguo."

Nilistaafu magoti yangu yalipokataa kuinama. Bushi za mwili hazina duka. Watu huniuliza nilijifunza nini, na mimi huwaambia wasikaze kitu kabla hakijabeba mzigo wake. Najua mikono yangu ilichagua vizuri mara zote mbili. Nilichokosa nilipokaza mara ya kwanza ni kuuliza kwa nini kule Kitale kulichimbwa shimo.

Siku ya kuniaga pale Bungoma, Mzee aliingia langoni na fimbo yake, peke yake. Nilitega sikio nyuma yake kwa mazoea, nisikie kama gari linagonga.

"Gari iko wapi, Mzee?"

"Nimeiacha nyumbani," alisema. "Kutoka steji nimekuja na miguu."