Kamba Niliyopimia Shamba la Barasa

Mimi huuza viatu vya mitumba mjini Nakuru, kwa hivyo sura ya mtu asiyeamini anachoambiwa naijua vizuri. Hupindua soli, hunusa ndani, kisha huuliza bei tena kana kwamba ile ya kwanza aliiota. Basi nawe pindua maneno haya utakavyo. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, saa kumi, nikiwa sijaonja kitu kikali isipokuwa wivu.

Wivu nautaja mapema usije ukanishika nao baadaye.

Barasa na mimi tulikaa esteti moja miaka kumi na mmoja, tukitenganishwa na ukuta ambao ulikuwa ukuta kwa jina tu. Akikoroga chai nilisikia, na nilijua amekoroga mara ngapi. Nikikosana na mke wangu usiku, asubuhi Barasa alinisalimia kwa upole wa mtu aliyesikia kila neno. Kamba ya kuanika nguo ilikuwa moja kwa nyumba sita, na Jumamosi aliyechelewa alivaa nguo mbichi. Tukaapa tutahama. Tutatafuta shamba, mahali mtu anaweza kukohoa bila jirani kumwambia pole.

Lile shamba la Molo nililiona mimi kwanza. Tafadhali shika hilo. Mama aliyekuwa akiliuza alitaja bei, nikacheka, nikageuka kuondoka kama ninavyoondoka sokoni. Kwa kawaida nikifika hatua ya tano naitwa nirudi. Siku hiyo nilitembea mpaka barabarani, nikasimama nikijifanya nafunga kamba za viatu. Nikazifunga mara mbili. Hakuna aliyeniita.

Nikarudi nyumbani kungoja simu. Jioni nikamsimulia Barasa, tukacheka pamoja. Kesho yake Barasa akaenda, akalipa alichoambiwa, bila kuomba apunguziwe hata kidogo. Niambie, huyo ni mnunuzi wa aina gani?

Mwaka mzima nikawa napokea picha. Barasa na ng'ombe. Barasa na viazi. Mke wake Nekesa ameanika blanketi moja kwenye kamba ndefu, peke yake, bila foleni! Mimi huku upande wa pili wa ukuta nimepata jirani mpya anayejifunza kupiga gitaa.

Halafu Julai akanipigia. "Jirani, kuja Jumapili. Na ubebe ile kamba ya kufungia mabelo ya viatu."

"Ya nini?"

"Wewe kuja tu, wacha maswali kama chifu."

Nikajua anataka nishuhudie ukubwa wa mali yake. Sawa. Kamba yangu ina mita hamsini, nami niliifunga fundo kila mita, nikayahesabu mara mbili. Njia nzima niliomba, Mungu anisamehe, ekari mbili za Barasa zisifike mbili.

Nilipofika, Nekesa alikuwa ameweka maji motoni. "Shemeji, karibu, kwanza chai."

"Chai itangoja," nikasema. "Tupime kwanza."

Alinitazama. Kwao mgeni hakanyagi shamba kabla ya kunywa kitu nyumbani. Hata kwetu ni hivyo. Lakini nilikuwa na haraka ya kumkuta mtu amepunjwa.

Tukaanzia kwenye bikoni, lile jiwe la mpaka karibu na geti. Upande ule, Barasa alisema, ni kamba mbili kamili mpaka mstari wa misonobari chini. Yeye ashike mwisho wa kamba kwenye jiwe, mimi nitembee na mwisho mwingine. Nikivuta mara tatu, maana yake njoo. Asogee mpaka niliposimama, nami niendelee mbele. Hivyo ndivyo watu hupima huku, seveya asipokuwepo.

Sijafika mbali ukungu ukashuka. Ukungu wa Molo hauji kidogo kidogo, unafungwa kama mlango. Nikasikia Barasa akisema kitu nyuma, kama "ngoja," nikajifanya sikusikia. Kamba ikakaza. Nikavuta mara tatu. Ikalegea, ikaonekana mtu anakuja. Nikaendelea.

Kamba ya kwanza, ya pili. Misonobari haikuwepo. Ya tatu. Ya nne. Hapo ningeogopa, sivyo? Niamini, sikuogopa. Nilichomwa na wivu. Kumbe shamba ni kubwa kuliko alivyosema! Kumbe mama yule alimwongezea! Kamba ya tano nikahisi machozi, na si ya baridi.

Ndipo akili ya sokoni ikaniamka. Huyu aliye nyuma anaiba. Ukisogea mbele kabla ya wakati, shamba linaongezeka bila kuongezeka. Nikaamua kumrudia polepole nimshike, nikiifuata kamba kwa mkono na kuhesabu mafundo. Arobaini na tisa. Hamsini. Hamsini na moja.

Kamba yangu ina mafundo hamsini. Nikaanza upya kutoka hapo, nikidhani nimekosea. Nikafika sabini, na bado ilikuwa kamba yangu, nailoni yangu ya buluu, fundo langu.

Kisha nikauona mkono.

Alikuwa mzee, koti refu, kofia imelala machoni. Mimi humtazama mtu miguuni kwanza, ni kazi. Alivaa buti za ngozi za zamani, na zilikuwa kavu. Molo, Julai, katikati ya shamba la viazi, na kwenye soli hakuna hata tope! Kamba ilimzunguka kifundo cha mkono, na ngozi ilikuwa imeota juu yake, kama mti unavyomeza waya.

"Mzee, Barasa ako wapi?"

"Pima tu, jirani," akasema. "Tumefika wapi?"

"Hili ni shamba la nani?"

"La jirani yangu. Langu liko ng'ambo. Nilikuja tu kuangalia kama kweli lake linashinda langu."

Na mimi, badala ya kukimbia, unajua nilimuuliza nini? Nilimuuliza, "Na linashinda?"

Akacheka bila mvuke kutoka mdomoni. "Sijafika mwisho bado. Nishikie huku kidogo, nikaone."

Mdomo wangu ni wa biashara, ukajibu wenyewe: "Nikishika napata nini?"

"Yote uliyopima."

Kamba tano. Nikanyoosha mkono. Sitakuficha hilo. Kamba ikajikunja juu ya kifundo changu, baridi kama samaki.

Hapo debe likalia. Watu wa huko hugonga debe kumwita aliyepotea kwenye ukungu. Na sauti ya Barasa: "Jirani! Chai inapoa! Kuja unywe, uchague kona yako kabla giza!"

Kona yangu.

Nikauchomoa mkono, nikakimbia kuelekea debe. Nilihesabu hatua, siwezi kujizuia. Zilikuwa kumi na moja mpaka getini.

Barasa alikuwa amesimama na debe na mwiko. "Nilikuambia ngoja, nifunge kamba kwa jiwe nikafungue lango la ndama. Ulikuwa unaongea na nani?"

Kamba ilikuwa imefungwa kwenye jiwe, imekaza kuelekea ukunguni, na hapakuwa na upepo. Tukaitazama ikilegea.

Mezani akanieleza. Alitaka tupime ili anikatie kona, futi hamsini kwa mia, kwa bei ile ile aliyonunulia. "Shamba uliliona wewe," akasema. "Na kusema ukweli, jirani, huku kumenyamaza sana."

Nikasema nitafikiria. Niliondoka, na safari hii nikaitwa nirudi, mara mbili, na sikugeuka. Siwezi kukanyaga pale tena. Barasa anadhani nimeringa. Picha haziji siku hizi.

Kwenye kifundo changu kuna alama kama ya pingu, haina hisia. Nimezunguka madaktari wawili. Na sebule yangu, ambayo miaka yote ilikuwa hatua tisa, sasa ni nane. Nimeipima kutoka pande zote mbili.

Kwa hivyo, ukienda kwa mtu aliyepata nafasi kukuzidi, kunywa chai yake kwanza, na kamba uiache kwa gari. Jana nilikuwa dirishani nikihesabu mabati ya kujengea kwake ambayo jirani mpya ameshusha. Nilipofika la ishirini, mkono wangu ukavutwa.

Mara tatu. Maana yake unaikumbuka.