Kichwa Kilipozimika Njiani

Nakumbuka siku moja ya msimu wa pamba, mwanangu, miaka ya sabini, na hasira yake haijapoa mpaka leo. Nilipanda treni Shinyanga kumpeleka dada yangu Kabula hospitali Mwanza. Uchungu ulikuwa umeanza, na mtoto alikaa vibaya tumboni. Kabla ya Malampaka, kwenye stesheni ndogo, kichwa cha treni kikazimika. Mabehewa yote nyuma yake yakasimama.

Stesheni masta akasema kichwa kingine kitatoka Tabora. Basi watu wakashuka, wakatandika khanga kivulini, wakacheza karata. Wanaume wazima wenye misuli! Nikawaomba tumbebe Kabula hadi hospitali ya misheni, ng'ambo ya mashamba.

"Subira, kijana, kichwa kinakuja."

Subira gani? Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia lilikuwa la dada yangu.

Jua lilipoanza kushuka, bibi muuza karanga wa pale stesheni akasimama mbele yao.

"Ninyi bagosha, ninyi wanaume! Kichwa cha treni kimekufa, na vyenu je? Shambani mnalima kwa luganda, kundi zima, mmoja akichoka majembe ya wenzake yanaendelea. Leo mnashindwa kumbeba mtoto wa watu?"

Wakaona haya. Wakaazima kitanda cha kamba, wanne wakabeba, wengine wakapokea, bila kumtua. Tulifika. Mtoto alilia, lakini Kabula hakumsikia. Sista akaniuliza, "Mlikuwa wapi muda wote huu?"

Baadaye nilifanya kazi karakana ya reli. Huko fundi mkuu alitueleza kwamba ziko treni zisizo na kichwa: injini zimegawanywa chini ya mabehewa, moja ikizima nyingine zinasukuma, na zikitoka stesheni zinashika mwendo upesi. Usidhani hazina ila. Injini zinanguruma chini ya miguu ya abiria, na behewa moja likiugua, treni nzima yaweza kulazwa karakana. Ile ya kichwa unabadilisha kichwa tu, na msimu wa pamba unaiongezea mabehewa. Kila moja ina kazi yake, sibishi. Lakini behewa ni chuma, halikuchagua kukosa injini. Wale wanaume walikuwa nayo, wakaizima wenyewe! Hilo ndilo linalonichoma.

Sasa sikia, mwanangu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mara nyingine anayekufa ni wa jirani. Kiongozi mheshimu, hata injini zikiwa nyingi, dereva ni mmoja. Lakini akikwama, usikae kivulini ukimngoja. Shika mguu wa kitanda, ubebe.

Mungu akupe nguvu zako mwenyewe, akupe na watu wa kukupokea ukichoka, na akuepushe na swali la yule sista.