Gari la Familia Halipekuliwi

Mume wangu alitumwa tikiti maji, akarudi na bastola. Kila nikiisimulia habari hii kwa wanawake wenzangu, hapo hucheka, nami hucheka nao kidogo kwa adabu. Lakini hasira yangu ya siku zile ingali hai, na sioni haya kuisema.

Tulikuwa tukikaa Riyadh, miaka ya sabini, pesa ya mafuta ilipoanza kumwagika na mji mzima ukageuka vumbi la saruji. Mume wangu alikuwa mkalimani wa kampuni ya ujenzi. Kiingereza alikisomea Unguja, Kiarabu alikikuta nyumbani kwao, na wakubwa wa kampuni walikuwa wakimgombania. Mimi nilikuwa mtu wa Jeddah. Wazazi wangu walitoka Unguja baada ya Mapinduzi, wakafikia mtaa wa Aziziya, na huko ndiko nilikokulia mpaka nikaolewa. Riyadh sikuwa na ndugu wala jirani wa kuazimana naye kawa. Nilikuwa na cherehani yangu, watoto watatu, na yeye.

Kisa chenyewe kilianza kwa jirani wa ghorofa ya chini. Wezi walimvunjia, wakabeba redio na mashine ya baridi, wakaacha tundu ukutani. Hakuna aliyeguswa hata ukucha. Lakini mume wangu tangu siku hiyo akawa halali vizuri, mlango anaufunga, anarudi kuujaribu. Ijumaa moja alasiri nikamwomba aende nje ya mji, kwenye malori yaliyokuwa yakiuza matikiti kando ya barabara, atuletee moja kubwa. Muuzaji mmoja alimsikiliza habari zake za wezi, kisha akainua kiti cha lori akamwonyesha kilicho chini yake.

Hakuuliza imetoka wapi. Hakuuliza imepita mikono ya nani. Mtu huyuhuyu akitaka viatu hunizungusha soko zima la Batha, atakunja soli, atanusa ngozi, atarudi duka la mwanzo na kuomba vya rangi nyingine. Bastola aliinunua kwa muda uleule ambao angeligonga tikiti kwa kidole kusikia kama limeiva. Na tikiti lenyewe hakuleta.

Nilimwambia papo hapo aitoe nyumbani kwangu. Sikuwa na hofu ya risasi tu. Nilikuwa na hofu ya karatasi. Wageni wengine wakikutwa na kosa kubwa hurudishwa kwao, wakalia na mama zao, yakaisha. Sisi tungerudishwa wapi? Pasi aliyotoka nayo baba yangu ilikuwa ya serikali iliyokwisha pinduliwa; aliihifadhi kabatini kama picha ya marehemu. Ikama zetu sote, vibali vyetu vya kukaa, zilisimama juu ya kafili wa mume wangu, yaani tajiri aliyemdhamini, na kafili yule hakuwa mtu wa kwenda polisi kumtetea mgeni aliyekutwa na silaha. Angesema halas, hawa siwajui, na watoto wangu wangebaki bila nchi ya kuingia wala ya kutokea. Yote haya nilimweleza, taratibu kwanza, kisha si taratibu.

Akanijibu jambo moja. "Baba yangu walimtoa ndani mikono mitupu," alisema. "Mimi hawatanikuta hivyo."

Kisa cha babaake nilikijua. Siku za Mapinduzi walikuja mchana, wakamchukua akiwa kavaa kikoi, na hakurudi. Mbele ya neno hilo sikuwa na la kusema, nikanyamaza, na yeye akauchukua unyamavu wangu kuwa ni ruhusa. Hilo nalo limo katika hesabu ya mambo yanayoniudhi: kwamba alikuwa na sababu ya kweli, na akaitumia kunifunga mdomo.

Baada ya siku chache nikamwona kainama, uso umemshuka. Nikadhani fahamu zimemrudia. Nikamwandalia chai ya maziwa, nikakaa karibu naye nimsikilize anavyojuta. Kumbe majuto yake yalikuwa mengine kabisa. Alikuwa na wasiwasi kwamba bastola haifanyi kazi sawasawa.

Alikuwa na rafiki, Mkenya wa Mombasa, mhasibu wa kampuni hiyohiyo, ambaye ujuzi wake wote wa silaha aliupata sinema. Wawili hao walikwenda jangwani wakaijaribu, wakarudi wakiwa kimya kama watu waliotoka mazikoni. Ilipiga, ikakwama. Wakaitikisa, ikapiga, ikakwama tena. Basi nyumba yangu ikageuka gereji. Pengine risasi ni za zamani. Pengine ile springi ya ndani imechoka. Pengine ni mchanga. Nikipita na sinia ya kahawa nawasikia wakizungumza habari za kutegemeka na kutotegemeka, wanaume wazima, kwa sauti ya huruma ambayo hata mtoto akiwa na homa sikuwahi kuisikia. Walichukua kichupa changu cha mafuta ya cherehani wakakimaliza chote. Walichukua na kipande cha hariri nyeupe nilichokuwa nimekiweka kwa nguo ya harusi ya mdogo wangu, wakakifanya tambara. Nilipokikuta kimejaa weusi nilikaa chini sakafuni nikatukana, mimi ambaye mama yangu alinilea nisitukane.

Jioni hiyo mume wangu alikaa kitandani akatoa hukumu yake. "Silaha ikikwama mara moja, basi," alisema. "Hata ikitengenezwa, mkono hauiamini tena."

Nilimjibu kwamba ndiyo heri, aitupe. Akasema kweli, yamekwisha, kesho atampa yule rafiki akaipoteze. Kesho yake akatoka nayo asubuhi, akarudi mikono mitupu, akanionyesha viganja kama mtoto aliyenawa. Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini? Alikuwa mume wangu, na mpaka siku hiyo alikuwa hajanidanganya kwa jambo lolote nililolijua.

Kisha ikaja harusi ya mdogo wangu, Jeddah. Mume wangu alikuwa amekwisha kataa kwenda, kazi nyingi, kampuni haimpi ruhusa, niende mimi na watoto kwa ndege. Ghafla akabadilika. Twende sote, akasema, kwa gari, watoto waione barabara. Nilifurahi mpaka nikamwombea dua kwenye sala. Nilishona usiku na mchana, nikapika visheti, nikajaza makopo. Siku ya safari yeye mwenyewe ndiye aliyepakia mizigo, hata mkoba wa nepi za mtoto wa mwisho, yeye ambaye hakuwahi kujua pini ya nepi inachomekwa upande gani. Nilimtazama kwa dirisha nikajisemea nimepata mume.

Sasa lazima niieleze barabara ile ilivyokuwa. Kulikuwa na vituo vya askari vya kupekua magari. Gari la wanaume peke yao husimamishwa, buti hufunguliwa, viti huinuliwa. Lakini askari akiona nyuma kuna mwanamke aliyejifunika na watoto ubavuni, huinama kwa dereva na kuuliza neno moja tu: aila? Yaani, ni familia? Dereva akijibu aila, askari hugeuza uso pembeni na kupunga mkono mpite. Hatii kichwa dirishani, hagusi mkoba wa mwanamke. Tangu nikiwa msichana, kwenye gari la baba yangu, nilikuwa nikiipenda ile namna ya askari kugeuza uso. Katika nchi ile sikuwa na kitu kilichoandikwa kwa jina langu, hata ikama nilikuwa ndani ya ikama ya mwanamume. Ile heshima ya barabarani ilikuwa yangu.

Kituo cha kwanza, penye kutokea Riyadh, tulipita hivyo. Aila? Aila. Mume wangu akaanza kuimba. Tulikwenda mchana kutwa, watoto wakala visheti mpaka wakachoka, na tulipoukaribia mji wa Taif mtoto wa mwisho akaharisha. Nikamlaza mapajani, nikatia mkono ndani ya mkoba kutafuta nepi safi. Nikashika nepi iliyokuwa nzito. Nikaifunua kidogo tu, nikaona chuma.

Sikupiga kelele. Niliinua macho nikamkuta ananitazama kwenye kioo, akajua nimejua. Ningeirusha nje, lakini mbele yetu kulikuwa na msururu wa magari na nyuma yetu limekwisha simama lori, na mbele ya msururu askari. Tulikuwa tumefika kituo cha pili.

Niliikunja nepi ile, nikairudisha chini ya mkoba, nikauweka mkoba miguuni. Mtoto alikuwa analia na mavi yake, yananitiririka kwenye buibui, na mimi nimemshika, sithubutu kutia mkono tena kutafuta nepi nyingine. Gari likasogea. Askari alikuwa kijana mwenye adabu. Akainama, akauliza aila, mume wangu akajibu aila, sauti haikumtetemeka hata kidogo. Yule kijana akasikia mtoto analia, akageuza uso upesi kuliko wenzake wote, akatuombea Mungu atufikishe salama. Namkumbuka zaidi yeye kuliko wengi waliokuja harusini.

Ndipo nilipoelewa kwa nini tulikwenda sote kwa gari. Yule rafiki hakuipoteza; kama mume wangu alivyokuja kukiri, alimrudishia na kumwambia kwamba Jeddah kuna fundi atakayeichukua ile mbovu na kumpa isiyokwama. Peke yake angepekuliwa. Alihitaji mke, buibui na nepi.

Tulipofika Aziziya nilimwosha mtoto, nikajiosha, nikamwita mume wangu chumba cha ndani. Nilimwambia kwamba amenifanya pazia. Nilimwambia wangetukamata, asingeshikwa yeye tu. Mkoba ulikuwa miguuni pangu, nepi ni za mwanangu. Akasema hakutaka kunitia hofu ndiyo maana hakuniambia. Akasema bastola haikuwa na risasi. Akasema alifanya kwa ajili yetu. Kila alipofungua mdomo aliniongezea.

Mama yangu alisikia kupitia mlangoni, akaja kunishika bega baadaye jikoni. Alinikumbusha kuwa nyumba ina harusi na watu wana masikio. Alisema mwanamume aliyeona babaake akichukuliwa ana kidonda, nimvumilie. Namheshimu mama yangu, Mungu amrehemu, lakini siku ile nilimwambia kwamba mimi pia nilitoka Unguja mtoto wa kushikwa mkono, na kidonda changu sikukificha ndani ya nguo za mtoto wa mtu. Mama aliendelea kukatakata vitunguu.

Harusi ilipita. Nilipiga makofi, nilipika, nilimvika mdogo wangu nguo yenye hariri ya kununua upya. Siku ya pili yake mume wangu alitoka, akarudi adhuhuri akasema ameimaliza kazi. Ameiacha bastola kwa fundi na hakuchukua nyingine badala yake. Akaapa kwa Mungu, akaapa kwa babaake.

"Huniamini?" aliniuliza.

"Wewe mwenyewe ulisema," nikamwambia. "Ikikwama mara moja, basi. Hata ikitengenezwa, mkono hauiamini tena."

Nadhani alitaka kulia, na mimi sikumsogelea.

Nilirudi naye Riyadh kwa sababu watoto walikuwa na skuli huko, na kwa sababu mke wa watu hawezi kukaa kwa mamaake bila kueleza, na sikuwa na maelezo ya kumpa mtu yeyote. Tulipanda mlima wa Taif. Tulipouacha mji nyuma, nikijua kituo cha askari hakiko mbali, nilimwambia asimamishe gari kando. Akauliza kuna nini. Nikamwambia asimamishe.

Nilishuka na mkoba wa nepi nikaumwaga wote juu ya mkeka, nikakunjua nepi moja moja. Nikamwaga masanduku. Nikafungua makopo ya halua tuliyopewa na mama, nikachoma kisu mpaka chini. Nikamwambia ainue viti, akainua. Nikamwambia atoe tairi la spea, akalitoa, akalishika kifuani akiwa na kanzu yake nyeupe, jua la utosi, na magari yanapita yakipunguza mwendo watu watutazame. Watoto walikaa mkekani wakitutazama. Nilipapasa chini ya dashibodi, nilipapasa ndani ya viatu vyake vya akiba, nikamwambia ageuze na mifuko yake nje, akaigeuza.

Sikukuta kitu. Alikuwa amesema kweli. Nilingoja nione kama moyo utapoa, haukupoa.

Nikapakia vitu vyote mwenyewe, mkoba wa nepi mwisho, nikauweka miguuni pangu. Nikashusha ushungi wangu. Yeye alikuwa ameshika usukani, hakuwasha gari, ananingoja kwenye kioo.

"Haya," nikamwambia. "Sasa unaweza kumwambia sisi ni aila."