Fishi Moja Kila Asubuhi

Mwaka 1992 Adrienne alikuwa karani wa dirishani katika biro, yaani ofisi, ya kampuni moja ndogo ya meli pale Kalemie. Kilichomchosha hakikuwa wingi wa abiria, bali fishi, ile karatasi waliyoijaza kabla ya kupanda. Waliokwenda Moba waliandika Moba mahali pa kutaja walikotoka. Wengine waliweka jina la baba kwenye kisanduku cha mizigo. Kisha wote walimgeukia yeye, na foleni ikakwama.

"Watu hawana kosa," alimwambia mumewe, Valère. "Karatasi njo mbaya."

Akajiwekea sharti: siku thelathini, kila asubuhi achore fishi mpya nyuma ya karatasi kuukuu, ampe msafiri mmoja, halafu anyamaze aone kama ataijaza peke yake.

Kunyamaza kulimshinda. Siku ya kwanza alivumilia dakika mbili, akampokonya mtu kalamu. Siku ya tano alichora mishale. Msafiri akaikoleza yote vizuri kwa kalamu, asiandike neno. Siku ya kumi na moja alipanua visanduku, na mzee mmoja akajaza ukoo wake mzima. Adrienne aliichana karatasi mbele yake, kisha akaona haya, akamwomba radhi. Jioni ile aliapa kuacha. Kesho yake akachora tena, kwa hasira.

Siku ya ishirini na nne hakuanza kwa kuchora. Alisikiliza foleni. Watu waliulizana: unaenda wapi, umebeba nini, na mwisho kabisa, wewe ni nani? Akapanga fishi kwa mfuatano huohuo, kwa Kiswahili. Mama Émérence, mchuuzi wa samaki wa Zongwe, akaijaza bila kuuliza kitu.

Adrienne alikimbia nayo kwa shefu wake, mkuu wa biro, Papa Isidore. Shefu aliisoma mara mbili.

"Inaeleweka," alisema. "Lakini karatasi za biro zinaandikwa Kifaransa. Na za zamani zimebaki katoni sita."

"Papa, watu hawazielewi!"

"Njo maana wewe uko pale dirishani."

Adrienne alirudi dirishani machozi yakimlenga. Mama Émérence alikuwa bado amesimama.

"Wamekataa?"

"Wamekataa, Mama."

"Basi unipe mimi. Wenzangu kule Zongwe hawajui mutawauliza nini; wakiiona watajiandaa."

Adrienne aliikunja, akampitishia chini ya kioo. Kisha akachomoa fishi ya katoni na kumwita mzee aliyefuata kwenye foleni.

"Andika hapa, Papa. Hapana, si hapo. Hapa."