Siku Mama Alipoupiga Mpira wa Mwalimu

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa kijana wa Kimarekani, aliyekuja kujitolea shuleni kwetu Temeke miaka ya mwanzo ya Ujamaa. Alipotufundisha wastani, aliacha magunia ya korosho ya kitabuni akatusimulia wapiga mpira wa besiboli wa enzi za babu yake: watoto wa wakulima na wachimba makaa, waliolipwa kwa kusimama na gongo na kuupiga mpira uliorushwa kwa nguvu zote.

"Aliyepata mara nne katika kumi, msimu mzima, huyo mfalme," alisema.

Darasa likaangua kicheko. Kwetu sie, nne katika kumi ilikuwa viboko.

Akaanza kutufundisha mchezo wenyewe kila Jumamosi, mpaka gongo lake likapasuka. Nikamwambia mwalimu kwamba baba yangu ni mchonga vinyago. Akanipa vile vipande, pamoja na picha ya mmoja wa wapigaji wale wa zamani. Baba aliukataa mpingo, mzito mno. Akachukua mninga, akauchonga siku tatu, akaupiga msasa hadi ukateleza. Mama aliitazama ile picha muda mrefu. Mwanamume wa suruali pana, mikono yake imeachana kwenye gongo.

"Huyu kalima huyu," akasema.

Jumamosi baba alishikwa na homa, mama akalileta gongo mwenyewe, katokea shambani kwake kwenye mihogo, kanga kaifunga kiunoni.

"Shikamoo, mama," mwalimu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mzigo wako huu."

Mwalimu akamwomba yeye kwanza alijaribu lile gongo. Wavulana wakaanza kucheka. Mie nikatamani ardhi ipasuke. Mwalimu akaurusha mpira, mama akakosa mara ya kwanza. Akakosa ya pili, ya tatu, ya nne. Wala hakuona haya. Kila akikosa alisogeza mguu kidogo, macho kwenye mkono wa mwalimu.

Mara ya tano mpira ulilia kama shoka kwenye gogo. Tuliuona ukipanda, ukavuka ua wa minyaa, ukavuka mabati ya nyumba za jirani, ukapotea. Hakuna aliyecheka tena. Ulikuwa mpira wa pekee aliokuwa nao mwalimu, na hatukuupata hata baada ya kuutafuta hadi adhuhuri.

Yeye hakuujali. "Mama, nani kakufundisha kushika hivi?"

"Kushika nini? Si mpini tu?"

Mwalimu akatugeukia, sauti imemshuka kama mtu aliye msikitini. Akasema baadhi ya wapigaji wakubwa kabisa wa zama zile waliiachanisha mikono hivyohivyo, na yeye hajawahi kumwona mtu akifanya hivyo kwa macho yake. Nikaitazama mikono ya mama. Ilinilisha kila siku, na nilikuwa sijaiona.

Njiani mama akaniuliza, "Kweli wale uliotusimulia walikuwa wakikosa mara sita katika kumi?"

"Ndiyo, mama."

"Na watu walikuja kuwatazama?"

"Walijaa."

Akaikaza kanga kiunoni. "Basi walikuwa watu wenye moyo."

Nyumbani akamkorogea baba uji, akamwambia gongo ni zuri, halikupinda. Basi. Ilibidi nimsimulie mimi. Baba akainuka mkekani na homa yake, akanitazama, kisha akamtazama mama aliyekuwa akipuliza moto.

"Hebu anza tena," akaniambia. "Polepole."